Kuchagua Muuza Stima: Uhuru Upi, na wa Nani?

Mazungumzo ya bei ya stima yakizuka hapa Pwani, iwe barazani, nje ya msikiti baada ya swala au kwenye makundi ya WhatsApp, kuna sentensi moja haikosi: "Shida ni kwamba kampuni ni moja. Waleteni wengine wawili watatu washindane, mtaona bei itakavyoshuka." Kisha mwingine ataongeza mfano wa simu, na jinsi gharama ya kupiga ilivyoshuka kampuni zilipoanza kugombania wateja. Wote watatikisa kichwa kukubali, na mjadala utaishia hapo.

Nami naona mjadala ndipo ungeanzia hapo. Jambo hili si ndoto tena. Sheria ya Kawi ya 2019 iliacha mlango wazi kwa wengine kupewa leseni za kusambaza na kuuza umeme rejareja, kazi ambayo kwa miaka mingi tumeijua kuwa ni ya Kenya Power peke yake. Mwaka 2024 mdhibiti, EPRA, alitoa rasimu ya kanuni za soko la umeme na za kuruhusu wauzaji wengine kupitisha umeme wao katika nyaya zilizopo. Kwa hivyo swali la nani atakuuzia tokeni miaka ijayo ni swali la kweli, na ni vyema tuliulize kabla hatujaamuliwa.

Bahati nzuri kuna waliotutangulia. Majimbo kadhaa ya Marekani yalipita njia hii tangu miaka ya 1990, na hesabu zao ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Nikizitazama, ninapata funzo moja kubwa: wingi wa wauzaji peke yake haushushi bili ya nyumba ndogo. Kinachoamua ni nani atabeba deni la zamani, na nani atamnunulia umeme yule ambaye hakuchagua mtu yeyote.

Stima si laini ya simu

Tuanze na mfano wa simu, kwa sababu ndio unaotupoteza. Kampuni mpya ya simu huja na minara yake na mitambo yake. Muuzaji mpya wa stima haji na nguzo. Umeme hutoka kwenye mitambo, ukapita laini kubwa, ukashuka kwenye transfoma ya mtaa, ukaingia kwenye mita yako. Hapa kwetu KenGen na wazalishaji binafsi ndio wanaozalisha, KETRACO inajenga laini nyingi kubwa, na Kenya Power inasambaza na kuuza. Hakuna atakayesimamisha safu ya pili ya nguzo kutoka Mtongwe hadi Likoni ili ashindane na ya kwanza.

Panapokuwa na ushindani wa rejareja, basi, nyaya hubaki zile zile na mwenye kuzitengeneza hubaki yule yule. Muuzaji mpya kazi yake ni kununua umeme kwa jumla, kukuuzia kwa reja, na kulipa ada ya kupitisha mzigo wake katika nyaya za mwenziwe. Transfoma ikiungua Kisauni usiku wa manane, muuzaji wako mpya hatakuja na ngazi. Kinachoshindaniwa ni sehemu ya bili inayohusu umeme wenyewe. Gharama za nyaya, ushuru na tozo za serikali hazimo katika ushindani huo.

Bei iliyofungwa miaka tisa

Sasa twende Illinois, jimbo lenye mji wa Chicago. Mwaka 1997 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kumpa mteja haki ya kuchagua muuza umeme. Wakati ule bei zao zilikuwa juu, hasa kwa sababu kampuni zilikuwa zimejenga vinu vya nyuklia kwa gharama kubwa mno. Kampuni zikauliza swali la haki kabisa kibiashara: tulijenga mitambo hii tukijua wateja ni wetu, sasa mkiwaruhusu waondoke, gharama yake atalipa nani?

Wabunge wakatafuta suluhu ya kati. Bei ya nyumba za kawaida ikapunguzwa, kwa wateja wa ComEd kwa asilimia 20 katika awamu mbili, kisha ikafungwa pale pale isipande. Muda ukaja kuongezwa hadi mwisho wa 2006. Matarajio yalikuwa kwamba katika miaka ile kampuni zingelipa madeni ya zamani, wauzaji wapya wangejitokeza, na siku ya kufungua bei mwananchi angekuwa na wengi wa kuchagua.

Hawakujitokeza, angalau si kwa wenye nyumba. Viwanda na maduka makubwa yalipata wauzaji mapema, kwa kuwa mteja mmoja wa namna hiyo ni sawa na maelfu ya nyumba na ana mhasibu wa kumpigania. Kwa nyumba ya kawaida, bei iliyofungwa ilikuwa chini kiasi kwamba hakuna mgeni aliyeweza kuuza chini yake akapata faida. Kilichowekwa kumlinda mteja ndicho kilichomzuia mshindani.

Katika miaka hiyo hiyo jambo jingine lilipita kimya kimya. Kampuni zilizokuwa zikimiliki nyaya na mitambo pamoja zilitenganisha vitu hivyo viwili. Mitambo ikauzwa au ikahamishiwa kampuni ndugu zisizodhibitiwa bei. Kampuni ya nyaya, ambayo zamani ilipata umeme kutoka kwenye mitambo yake kwa gharama ya kuuzalisha, sasa ingelazimika kuununua sokoni kama mtu mwingine yeyote.

Siku ya kufunguliwa

Tarehe 2 Januari 2007 kufuli likatoka. Umeme wa kuwauzia wananchi ulikuwa umenunuliwa katika mnada uliofanywa Septemba 2006, kwa bei ya soko. Kaskazini mwa jimbo, kwa wateja wa ComEd, bili zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Katikati na kusini, kwa wateja wa kampuni za Ameren, ongezeko la kawaida lilikuwa kati ya asilimia 40 na 55. Walioumia zaidi ni wale waliopasha joto nyumba zao kwa stima, ambao zamani walikuwa na bei ya nafuu iliyofutwa siku hiyo hiyo. Baadhi yao bili ilizidi mara mbili, na hapo ni katikati ya baridi.

Wananchi walifurika kwenye ofisi za wabunge wao. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Lisa Madigan, alipinga mnada ule na kudai kwamba wauzaji waliuchezea bei. Kufikia Julai 2007 kampuni zilikubali kutoa nafuu ya takriban dola bilioni 1 kwa miaka kadhaa ili mambo yatulie.

Illinois haikuwa peke yake. Maryland ilifunga bei tangu sheria yake ya 1999. Kufuli la wateja wa BGE, kampuni ya mji wa Baltimore, lilipokaribia kufunguliwa katikati ya 2006, walitangaziwa ongezeko la asilimia 72 kwa mkupuo. Bunge liliitwa kikao cha dharura. Likaamua ongezeko lianze kwa asilimia 15 tu, na lililobaki liahirishwe na kulipwa kidogo kidogo katika bili za miaka iliyofuata.

California ilipata kubwa zaidi. Huko San Diego ilikuwa ya kwanza kufunguliwa, mwaka 1999, baada ya kampuni yake kumaliza madeni ya zamani. Majira ya joto ya 2000 bili za wenyeji ziliongezeka maradufu kwa miezi michache tu. Kwingineko jimboni bei ya mteja ilikuwa bado imefungwa huku bei ya jumla ikipaa, na Enron na wafanyabiashara wenzake wakichezea soko. Kampuni ya PG&E ikawa inanunua ghali na kuuza rahisi kila siku, hadi Aprili 2001 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Septemba mwaka huo jimbo likasimamisha haki ya kuchagua muuzaji.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kufunga bei hakufuti gharama, huisogeza mbele tu. Ikiwa katika miaka ya kufuli hakuna anayeandaa namna ya kulipa, siku ya kufungua hulipwa yote kwa pamoja, na mlipaji ni yule asiye na pa kwenda.

Wauzaji walipofika mlangoni

Utasema, basi, bei zilipopanda wauzaji wapya si walipata nafasi? Ndiyo, walipata. Na hapa ndipo sura ya pili ya kisa ilipoanza.

Walikuja mlango kwa mlango na kwa simu. Wengi walitoa bei tamu ya miezi ya mwanzo, na ndani ya mkataba mlikuwa na kifungu kwamba baadaye bei itabadilika kufuatana na soko. Mapema 2014 baridi kali isiyo ya kawaida ilipopiga Pennsylvania, wateja waliokuwa kwenye mikataba ya bei inayobadilika walipata bili zilizowashtua, na malalamiko kwa mdhibiti yakaja kwa maelfu. Mdhibiti akalazimika kuandika upya kanuni: muuzaji aeleze masharti kwa lugha nyepesi kwenye ukurasa mmoja, na mteja aweze kuhama kwa siku tatu za kazi badala ya kusubiri wiki kadhaa.

Massachusetts ilifanya hesabu yenyewe. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu Maura Healey ya 2018 ilionyesha kwamba katika miaka miwili, tangu Julai 2015 hadi Juni 2017, wenye nyumba waliohamia kwa wauzaji binafsi walilipa dola milioni 176.8 zaidi ya ambazo wangelipa kama wangekaa pale walipokuwa. Jambo linalouma zaidi ni kwamba wateja wa kipato cha chini ndio waliosajiliwa kwa wingi zaidi. Uhuru wa kuchagua uliwafikia kwanza wale wasio na muda wa kusoma maandishi madogo.

Na Texas, ambako soko liko wazi kuliko kwingine, ilitoa mfano wa mwisho Februari 2021. Kampuni iitwayo Griddy iliwauzia wateja wapatao 29,000 umeme kwa bei ile ile ya jumla, bila kizuizi. Siku za kawaida ulikuwa ukinunua rahisi. Dhoruba ya theluji ilipolemaza mitambo, bei ya jumla iligonga kikomo chake cha dola 9,000 kwa kila uniti elfu moja, yaani dola 9 uniti moja, ikakaa huko kwa siku kadhaa. Watu walipata bili za maelfu ya dola kwa wiki moja. Griddy ilifilisika mwezi uliofuata, na madeni yale yakaja kusamehewa.

Kilichofanya kazi

Ningekuwa nadanganya nikisema kwamba yote yaliharibika. Kuna mambo yalifanya kazi, na ndiyo yanayofaa kuigwa.

La kwanza, Illinois iliunda mnunuzi wa umma. Baada ya vurugu za 2007 jimbo lilianzisha Illinois Power Agency, shirika linalosimamia ununuzi wa umeme kwa ajili ya wateja wote ambao hawakuchagua muuzaji. Halinunui mzigo wote siku moja kwa bei ya siku hiyo. Hununua kwa awamu, huu wa mwaka huu na ule wa mwakani, ili bei ikipaa siku moja isiwaangukie wote. Mteja asiyejua lolote kuhusu soko analindwa bila kufanya chochote.

La pili, watu walinunua kwa pamoja. Sheria ya 2009 iliruhusu miji na vijiji vya Illinois kupiga kura, kisha halmashauri ikajadiliana na wauzaji kwa niaba ya nyumba zote. Asiyetaka anajitoa. Mwaka 2012 mamia ya miji yalifanya hivyo, na Chicago yenyewe ikapiga kura Novemba mwaka huo. Nyumba moja haina sauti mbele ya muuza umeme, lakini mji mzima unayo. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hapo kuna tahadhari. Nafuu ya Chicago ilitokana kwa kiasi kikubwa na mikataba ya zamani ya bei ya juu iliyokuwa bado imewabana ComEd. Mikataba ile ilipokwisha, bei ya ComEd ikashuka, tofauti ikayeyuka, na mwaka 2015 mji ukawarudisha watu wake walikotoka. Hakuna aibu katika hilo. Waliingia kulipokuwa na faida, wakatoka ilipokwisha.

Sisi je?

Sasa tuirudishe hesabu nyumbani. Kufuli kama lile la Illinois hatukuwahi kuwa nalo, lakini tumeonja ladha yake. Januari 2022, mwaka wa uchaguzi, bei ya stima ilipunguzwa kwa asilimia 15. Aprili 2023 zikaja bei mpya, na pamoja nazo badiliko ambalo wengi hawakuligundua hadi tokeni zilipoanza kwisha haraka: kiwango cha nafuu cha wateja wadogo kilishushwa kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30.

Kwa Mpwani hilo si jambo dogo. Feni moja ya kawaida ya wati 60, ikizunguka saa kumi kwa siku, hula uniti 18 kwa mwezi. Na nani hapa anazima feni usiku wa Februari? Ongeza friji ndogo ya mama anayeuza juisi au barafu, ambayo kwa urahisi hula uniti moja kwa siku, tayari umeshapita 30 kabla hujawasha taa. Uniti 30 zinaweza kumtosha anayeishi kwenye baridi ya Limuru. Kwetu joto ndilo linalotutoa kwenye nafuu.

Bei hizo zilipangwa kufika hadi mwisho wa mwaka wa fedha 2025/26. Kila kipindi cha bei kinapokwisha ndipo mambo makubwa huamuliwa, na ndiyo sababu naona wakati wa kuzungumza ni huu.

Deni letu la zamani nalo lipo, ingawa halina sura ya nyuklia. Ni mikataba ya muda mrefu, mingi ya miaka 20 na zaidi, ambayo Kenya Power imefunga na wazalishaji. Mingi ina malipo ya uwezo wa mtambo, maana yake mtambo hulipwa kwa kuwa tayari, hata siku ambazo hauzalishi. Mwaka 2021 serikali iliunda jopo chini ya John Ngumi kuichunguza mikataba hiyo. Mikataba ni mikataba, haitoweki kwa sababu soko limefunguliwa.

Piga picha, basi, viwanda vikubwa na hoteli za ufuo zikiruhusiwa kununua kwa muuzaji mwingine. Nyingine tayari zina paneli za sola juu ya paa. Wakiondoka hao, malipo ya mikataba yanabaki pale pale, na wanaobaki kuyagawana ni wewe, mimi na yule mama wa juisi. Hili ndilo swali lile lile la Illinois ya 1997, na kule ilibidi liulizwe kabla ya mlango kufunguliwa.

Tunachopaswa kudai

Mimi siungi mkono kampuni moja kubaki peke yake milele. Mwenye duka pekee mtaani hana sababu ya kutabasamu. Lakini kanuni za soko zikiletwa kwa wananchi kutoa maoni, naomba tusiende kupiga makofi wala kupiga kelele tu. Twende na maswali.

Tuulize anayeondoka atalipa nini kwa mikataba iliyofungwa kwa ajili yake. Tuulize mteja asiyechagua atanunuliwa umeme na nani, kwa mnada wa siku moja au kwa awamu. Tudai kwamba muuzaji yeyote wa nyumba za kawaida aandike bei yake kwa shilingi kwa uniti, kwa Kiswahili, tozo zote zikiwemo, na kwamba mteja wa tokeni asipandishiwe bei bila kuarifiwa mapema. Tudai pia kaunti na vyama vya ushirika viruhusiwe kununua kwa niaba ya watu wao. Na kiwango cha nafuu kizingatie joto la Pwani.

Kwamba maoni yetu hayana uzito, sikubali. Watu wa Lamu walisimama dhidi ya mtambo wa makaa ya mawe, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni yake kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ulikuwa mradi mkubwa wenye wakubwa nyuma yake, na bado ulikwama kwenye swali la kama wenyeji waliulizwa.

Kwa hivyo ukisikia tangazo la mkutano wa EPRA Mombasa, Kilifi au Kwale, chukua risiti zako za tokeni za miezi mitatu uende nazo. Hapo ndipo itakapoamuliwa kama kuchagua kutakuwa kwetu sote, au kwa wenye mhasibu tu.